Mzee Mliyempumzisha Siye

Kwa Afisa Utumishi,
Ofisi ya ghorofani,
Kiwanda cha kufulia mashuka.

YAH: KUPUMZISHWA KWA MZEE ASIYEHUSIKA

Ndugu Afisa Utumishi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa na mlango umefungwa, maana ina mambo ambayo hayafai kusikiwa na watu wa foleni hapo nje. Mimi si mgonjwa wala si mzima. Nimepumzishwa. Nakuandikia nikiwa juu ya kitanda changu bwenini, saa nne asubuhi ya siku ya kazi. Jambo hili halijanitokea kwa miaka tisa, na mgongo wangu haujui pa kujiweka.

Jumatatu nilipokea barua yako yenye muhuri wa duara na sahihi mbili. Nainukuu kwa kichwa, kwa sababu karatasi yenyewe shemeji yangu ameiazima aisome vizuri, naye husoma polepole. Inasema: "Kwa Mzee, Chumba cha Boila. Kutokana na taarifa ya mtaalamu kwamba una presha ya juu, una nyufa na unavuja, unapumzishwa kazi kuanzia leo. Usirudi kazini mpaka daktari akupime na kuthibitisha kwa maandishi kwamba unafaa." Ndani yake mliweka tiketi ya basi ya Jumamosi, ya kwenda kwetu. Ya kwenda tu.

Ndugu yangu, taarifa ile ilikuwa ya boila.

Naomba nieleze taratibu, nisionekane mtu wa vurugu. Kule chini, boila tunaliita Mzee. Lilikuwepo kabla yetu sote, hukohoa asubuhi, halipendi kuharakishwa, na likikasirika chumba kizima kinajua. Nyinyi wa juu mnaniita mimi Mzee wa Boila, na mkiwa na haraka mnakata hilo la mwisho, nabaki Mzee. Jina langu mnalo kwenye faili lakini sijawahi kusikia likitoka humo. Kwa hiyo kiwanda kina wazee wawili, mmoja wa chuma na mmoja ni mimi. Mkaguzi wa maboila alikuja kumpima wa chuma. Mkampumzisha wa nyama.

Leo ni Jumatano. Wa chuma yuko kazini. Na aliyekaa mbele yake badala yangu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee. Mimi ndiye niliyemtoa kwao miaka miwili iliyopita nikamleta hapa kukunja mashuka. Dada alinishika mkono pale kituoni akaniambia neno moja tu: "Kaka, nirudishie akiwa mzima." Hakusema nimrudishie akiwa amepikwa. Ndiyo sababu ya barua hii, na malalamiko yangu nayapa namba, kwa kuwa mwalimu wetu alisema lalamiko lisilo na namba ni kelele.

1. Kuhusu silabi moja. Shule niliiacha darasa la sita, lakini ngeli nilikuwa nimeshazimaliza. Boila lina, limechoka, lipumzishwe. Mtu ana, amechoka, apumzishwe. Mkaguzi alishinda chini na sisi siku mbili, akanywa chai yetu kwenye kopo letu, akazoea maneno yetu. Taarifa yake ndefu alisema itachukua mwezi kuandikwa, hivyo akawaachia kikaratasi cha haraka: "Mzee ana presha kuzidi umri wake. Ana nyufa tatu, mmoja mrefu. Anavuja sehemu za chini. Apumzishwe mara moja." Angeandika "lina" badala ya "ana", mimi ningekuwa kazini na boila lingekuwa limezimwa. Katika maisha yangu nimeshafukuzwa kwa kuchelewa, kwa kusema ukweli, na mara moja kwa kufanana na mtu mwingine. Kufukuzwa na silabi ni mara ya kwanza.

2. Kuhusu presha. Mimi sina presha. Siku niliyoajiriwa nesi wa zahanati alinipima akasema, "Hii ni ya kijana." Tangu hapo hakuna aliyenipima tena, kwa hiyo bado ni ya kijana. Mimi ni mtu mpole, muulize yeyote. Tuje kwa mwenzangu. Chuma chake kimekonda. Mkaguzi alipitisha kile kidude chake cha kupimia unene ukutani kwake akanionyesha namba, akasema kwa unene huo sindano ya geji ya presha isipite tano. Kwa sasa iko kwenye saba, kwa sababu mashuka ni mengi na meneja anayataka yakiwa ya moto. Ikifika nane kuna valvu ya usalama ambayo inatakiwa ifunguke yenyewe na kutoa mvuke. Inatakiwa. Mwaka juzi ilifunguka wakati wa kikao chenu cha ghorofani, wageni wakamwaga soda, na kesho yake msimamizi akashuka na kipande cha chuma akakifunga juu ya valvu kwa waya ili isirudie utovu wa adabu. Ndugu Afisa, mimi nikijaa hufungua mdomo. Ndiyo maana mpaka leo sijapasuka. Yeye mmemfunga mdomo halafu mnanipumzisha mimi kwa presha.

3. Kuhusu nyufa. Hapa naomba uvute kiti karibu.

Ufa ule mrefu niliuona mimi, chini ya mlango wa moto, pale kwenye mshono wa kuchomelea. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha, nilikuwa naweka alama ya chaki mwisho wa ufa, na tarehe pembeni. Baada ya miezi minne mistari ya chaki ilikuwa imejipanga kama ngazi, na ufa ulikuwa unapanda ngazi hiyo bila kusimama kupumua. Nikamwambia msimamizi. Msimamizi akasema uchafu wa chaki unaharibu sura ya chumba, akaagiza ufutwe.

Nikaanza kupima kwa vidole. Nilivilaza vidole juu ya ufa, kimoja baada ya kingine, nikapata kumi na kimoja. Nikaandika kwenye daftari. Msimamizi akapima kwa vyake, akapata kumi. Akafurahi. Akamwita mtunza stoo. Yule tunamwita Koleo, na ukishapeana naye mkono hutauliza kwa nini. Kidole kimoja cha Koleo ni kama viwili vya mtu mwenye heshima zake. Akapata saba. Tangu siku hiyo Koleo ndiye mpimaji rasmi wa ufa. Na kwenye ule ubao wenu wa matangazo, kati ya orodha ya zamu na picha ya mfanyakazi bora, mliandika kwa kalamu ya kijani: "Ufa wa boila umepungua kutoka kumi na kimoja hadi saba." Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nilidhani ni sikukuu.

Halafu yule wa chuma mkampaka rangi ya fedha. Ukweli ni kwamba anapendeza. Mkaguzi alipokuja aliikwangua ile rangi, akapuliza dawa yake nyekundu, akaifuta, akapuliza unga mweupe juu yake, akatuambia tusubiri. Tukasubiri. Polepole mistari myekundu ikajitokeza kwenye ule weupe, mmoja, wa pili, wa tatu, kama mtu anayechora ramani kwa ndani. Shemeji aliyekuwa ameleta mashuka makuukuu ya kufutia mafuta aliangalia akasema, "Kumbe anatoka damu." Shemeji si mtu wa maneno mengi. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Mimi nyufa zangu ziko kwenye visigino. Ni magaga ya kawaida ya mtu anayesimama kwenye sakafu ya saruji. Karani wako kanitumia kopo la mafuta ya kupaka, na kwa hilo namshukuru sana, yamenisaidia. Lakini kisigino changu hakijawahi kumuunguza mtu.

4. Kuhusu kuvuja. Sivuji. Naliandika hili peke yake kwenye mstari wake kwa sababu karani alisoma kile kikaratasi kwa sauti kwenye ngazi, na kabla ya chai habari ilikuwa imefika kwenye meza za pasi. Wale akina mama wa pasi hawana huruma na mtu. Kiongozi wao, Mama Pasi, kanitumia taulo nne za hoteli zilizokunjwa vizuri, na ujumbe: "Babu, jifunge hizi, tusije tukafua shuka mara mbili." Nikipita dirishani wananiuliza kama nimekaza koki. Mtu mzima. Mwenye wajukuu watatu. Anayevuja ni yule mwingine, kwenye bomba la chini upande wa kushoto, na kopo tulilomwekea hujaa kabla ya saa sita.

5. Kuhusu hoja ya msimamizi. Anasema boila hilo lina miaka thelathini na minane na halijawahi kupasuka, kwa hiyo halitapasuka. Kwa hesabu hiyo mimi sitakufa, maana sijawahi.

6. Kuhusu nyundo. Nataka uelewe kwamba wataalamu wana njia yao na msimamizi ana yake. Mkaguzi aligonga ukuta wa boila kwa kinyundo kidogo, hapa na pale, ameinamisha sikio. Chuma kizima huimba. Chuma kilichochoka husema "dup", kama gunia. Aliligonga lote, likaimba sehemu, likasema "dup" sehemu, na alipofika karibu na ule mshono halikusema kitu, na yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua mbili. Mtu anayelipwa kukaribia maboila akarudi nyuma! Msimamizi yeye alipima kwa kiganja. Alikiweka ukutani, akakitoa haraka, akasema, "Mbona lina moto vizuri tu?" Ndugu Afisa, mimi ni mpole, nimeshasema ni MPOLE, lakini hivi nyinyi mnapompeleka mtoto hospitali na homa, mnamwambia daktari kwamba mbona ana moto vizuri tu?

Samahani kwa tundu hapo juu. Kalamu imetoboa karatasi.

7. Kuhusu simu. Hili ndilo linaloninyima usingizi mchana, maana sasa mchana nalala. Jana shemeji alipanda juu kuomba glavu, akasubiri mezani kwa karani, na simu ikalia. Alikuwa mkaguzi. Shemeji anasema sauti yake ilisikika mpaka ukutani. Mkaguzi akauliza, "Mzee mmempumzisha?" Karani akajibu, "Tangu Jumatatu." Mkaguzi akasema, "Vizuri sana. Bado yuko pale chini?" Karani akasema, "Hapana, tumeshamtoa, Jumamosi anasafiri." Mkaguzi akauliza, "Mmemtoaje? Ule mlango ni mdogo, hapiti." Karani akamwambia, "Alitoka mwenyewe. Aliinama kidogo." Mkaguzi akacheka sana, akasema hajawahi kuona kiwanda kinachofuata maagizo haraka hivyo, na kwamba anatia alama kwenye fomu yake kwamba hatari imeondolewa.

Hatari imeondolewa. Imekaa bwenini inakuandikia barua.

Na shemeji akarudi chini bila glavu, akakaa mbele ya sindano inayosoma saba. Nilimwambia azime moto atoke. Akaniuliza, "Karatasi iko wapi?" Lazima umjue shemeji yangu. Ni mtu wa karatasi. Kwao waliwahi kupoteza shamba kwa kukosa karatasi moja, na tangu hapo hafungui wala hafungi kitu chochote bila maandishi yenye muhuri. Hata bomba la kuogea alisubiri wiki nzima mpaka alipoonyeshwa tangazo la ratiba ya maji. Kwa hiyo nyinyi msipotoa karatasi atakaa pale mpaka apae. Atapita kwenu ghorofani, maana boila liko chini ya ofisi yako hasa. Nimehesabu mabamba ya dari. Kiti chako kiko juu ya mshono.

8. Maombi yangu. Sitaki makubwa. Nichagulieni moja kati ya haya.

La kwanza, ile tiketi apewe yule wa chuma. Asafiri Jumamosi badala yangu. Kwetu atapokelewa vizuri, nitamwandikia dada amwekee nafasi uani, na kwa tabia hatofautiani sana na marehemu baba mkwe.

La pili, kama mmeamua kwamba mimi ndiye boila, basi nipeni haki za boila. Yeye ana koti la kuzuia baridi lililofungwa kwa mikanda, mimi miaka tisa naomba ovaroli. Yeye huletewa mtaalamu kutoka mbali wa kumpapasa na kumuuliza hali kila mwaka, mimi tangu nije hakuna aliyeniuliza nimeamkaje. Yeye ana uzio na kibao cha HATARI ili watu wamheshimu. Nataka kibao. Nitakivaa shingoni nikipita kwenye meza za pasi.

La tatu, na hili ndilo rahisi, hamishia meza yako chini kwa siku moja. Iweke pale alipokaa shemeji. Njoo na karani, na ule ubao, na kalamu ya kijani. Koleo atakuwepo kupima. Ukifika jioni bado unaamini kwamba mwenye presha ni mimi, nitapanda basi langu nikiimba.

Nimemaliza, na bado ni mpole.

Nisalimie karani na umwambie kopo la mafuta limefika nusu. Nisalimie Koleo, lakini usimpe mkono. Mama Pasi na wenzake wape salamu zangu kavu kabisa, watanielewa. Msimamizi mwambie namkumbuka kila nikiona kipande cha chuma. Na meneja naye salamu, pamoja na lile kochi lake la ofisini ambalo sote tumelibeba na hakuna aliyelikalia.

Ni mimi, katika mapumziko nisiyoyaomba,

Mzee wa Boila
(yule mwenye miguu)

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Kabla ya kufunga bahasha nilimpelekea nesi wa zahanati barua hii anirekebishie herufi, nikamsomea mwenyewe. Nilipofika namba mbili akaanza kunitazama shingo. Namba nne alicheka, hilo namsamehe. Nilipofika namba sita alinifunga ule mpira wa kupimia presha mkononi bila kuniomba ruhusa. Presha yangu ni mia moja na tisini na kitu, na hicho kitu amekataa kunitajia. Ameniambia, "Mzee, wewe ndiye wa kupumzishwa hasa." Kwa hiyo futa namba mbili.

Nikiwa nimelazwa pale kitandani kwake, kiwanda kikanyamaza. Zile roli za pasi, zile feni, ule mlio wa mvuke nilioishi nao miaka tisa, vyote mara moja. Sijawahi kuogopa kimya namna ile. Nesi alinishikilia nisishuke. Halafu mlango ukafunguliwa akaingia shemeji, anatembea polepole, mikono ameshanawa.

Alikuwa amemaliza kuisoma barua yako. Ameisoma siku mbili, neno kwa neno. Asubuhi hii aliitundika kwa waya kwenye valvu kubwa, waya uleule wa msimamizi, akazima moto, na presha imeshashuka hadi sifuri. Msimamizi alikuja mbio anapiga kelele. Shemeji akamwambia, "Soma mwenyewe, bosi. Kwa Mzee, Chumba cha Boila. Mzee ni huyu. Chumba ni hiki. Muhuri ni wenu." Msimamizi akaisoma mara mbili. Ana presha ya juu, kweli. Ana nyufa, kweli. Anavuja, kopo lilikuwa pale pale limejaa. Sahihi ni mbili, na moja ni ya meneja. Hakuna aliyethubutu kuwasha, kwa sababu imeandikwa wazi kwamba asirudi kazini mpaka daktari ampime. Sasa ameitwa daktari. Nesi anaambiwa amsindikize chini, na anauliza wabebe mpira wa ukubwa gani.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, tafadhali usirekebishe chochote. Nimeipitia barua yako upya na sioni kosa. Ilikuwa sahihi kwa wazee wote wawili. Yenye makosa ni hii yangu, naomba uichane.

Na ile tiketi ya Jumamosi nitaitumia mimi. Mwenzangu hapiti mlangoni.